Kuingia Malazan bila kukata tamaa njiani

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni huku mbele, nafasi ipo. Leo naongea na nyie mnaotaka kuanza Malazan Book of the Fallen, mfululizo wa riwaya za fantasia wa Steven Erikson, vitabu 10, cha kwanza Gardens of the Moon kilitoka 1999, cha mwisho The Crippled God 2011, na vingine ni vinene kwelikweli. Najua humu ndani wapo walioanza wakaishia njiani, wanasema hawakuelewa hata nani anapigana na nani.

Sasa sikilizeni, huyu bwana amesomea akiolojia na anthropolojia, na dunia hii aliijenga na rafiki yake Ian C. Esslemont tangu miaka ya 80 wakicheza gemu za kuigiza wahusika, kwa hiyo kitabu kinaanza wakati vita vingi vimeshapiganwa, miungu imeshagombana, na hakuna anayekusimulia ya nyuma. Ni kama mtu anayechimba akakutana na kigae cha chungu, hajui kilikuwa cha nani, anakiweka pembeni anaendelea kuchimba. Na wewe weka pembeni, endelea.

Angalieni mwanzo tu. Mtoto Ganoes Paran yuko juu ya ukuta wa ngome na kamanda mmoja, chini yao mtaa unaungua, moshi umetanda, mtoto anasema akikua atakuwa mwanajeshi, na yule kamanda anamjibu labda kama umeshindwa kila kitu kingine. Huhitaji kujua dola wala mfalme kuelewa hapo! Unamwelewa mtoto, unamwelewa yule mtu aliyechoka vita. Halafu miaka 7 inapita, Paran ni afisa tayari, na baada ya hapo unatupwa kwenye mji unaoitwa Pale, umezingirwa, mlima unaelea angani, wachawi wanauana, na hapo ndo wengi wanafunga kitabu. Msifunge. Mshike Tattersail, yule mchawi mwanamke, muone kwa macho yake anachokiona yeye, nani alikuwa rafiki yake, nani kafa mbele yake. Mtu mmoja kwa wakati mmoja, yaani hiyo ndo njia.

Kingine, Gardens of the Moon ilianza kama skripti ya filamu, akaiandika riwaya mwanzoni mwa miaka ya 90, ikakaa miaka mingi bila kuchapishwa, kwa hiyo ukifika cha pili, Deadhouse Gates, mkono umekomaa kabisa. Ila pia anakuhamisha bara zima, wahusika wengi wapya, na cha tano anafanya hivyo tena. Mimi nasema usihukumu kabla hujamaliza cha pili, ile safari ya kamanda Coltaine na maelfu ya wakimbizi jangwani mi naiweka juu ya karibu kila kitu nilichosoma kwenye fantasia.

Someni kwa mpangilio wa kutoka. Orodha ya wahusika iko mwanzoni, itumieni hiyo, intaneti achaneni nayo maana ukitafuta jina moja tu umeshaambiwa anakufa lini. Haya, nani ana swali?