Maji, chumvi na hita ya ndoo: jaribu uone mwenyewe

Karibuni tena mezani kwangu. Leo tunatafuta kile kinachomrusha mtu anapochovya kidole kwenye ndoo yenye hita. Jaribio ni la betri ya volti 9 tu. Mtoto akisema "tujaribu na kwenye soketi", funga kazi hapo hapo.

Andaa betri hiyo, kitaa chekundu cha LED, rezista ya ohm 470, misumari miwili, vipande vya waya, glasi, na maji ya betri. Nasema yale maji matupu ya kuongezea kwenye betri ya gari, siyo asidi. Mwambie muuzaji wazi, maana chupa zinafanana.

Unga hivi: chanya ya betri kwenye rezista, rezista kwenye mguu mrefu wa LED, mguu mfupi kwenye msumari wa kwanza. Msumari wa pili unarudi hasi. Gusanisha misumari. Kisipowaka, geuza LED.

Sasa chovya misumari kwenye maji ya betri, iachane sentimita moja hivi. Kimya. Tia kijiko cha sukari, koroga. Bado kimya! Sukari imeyeyuka kweli, ila chembe zake hazina chaji.

Mwaga, weka maji mapya ya betri, halafu suuza humo vidole vyenye jasho. Zima taa ya chumba. Umeona? Kitaa kinaanza kuwa chekundu kwa mbali. Kwa hiyo yule anayekwambia maji safi hayapitishi umeme hajakosea sana. Amesahau tu kwamba ukiingia wewe, chumvi nayo imeingia.

Ongeza chumvi ya mezani, ncha ya kijiko inatosha. Kinawaka vizuri kabisa. Sogea karibu: msumari wa upande wa hasi umejaa vipovu kama vya soda, hiyo ni haidrojeni. Kwenye ule mwingine maji yanachafuka taratibu, rangi ya kutu. Chumvi imeachana ikawa ayoni, yaani chembe zenye chaji, za sodiamu na kloridi, na ndizo zinazobeba umeme.

Kwa mikrosimensi, kipimo cha wepesi wa kupitisha umeme, maji safi kabisa yana 0.055 tu kwa sentimita. Ya bahari 50,000 hivi, karibu mara milioni. Ndiyo maana fundi wa hita za shawa huko pwani huuliza kwanza kama kisima chako ni cha maji chumvi au maji baridi. Usimjibu kwa kubahatisha.

Turudi kwenye ndoo. Ngozi ikilowa, ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi ohm 1,000. Gawanya volti 230 kwa hizo: miliampea 230. Kwenye 10 hivi tu misuli inakakamaa, unashindwa kuachia.

Basi fuata mpangilio huu. Zima swichi, chomoa plagi, toa hita, ndipo uguse maji. Kuzima swichi peke yake hakutoshi: ziko soketi zilizofungwa waya kinyume, swichi inakata nutro (waya wa kurudishia umeme) huku laivu (waya unaoleta umeme) imebaki majini. Mimi nilijifunza hilo kwenye nyumba ya kupanga, kiwiko kikauma mpaka jioni.

Mwite fundi umeme apime ethi, afunge na ile breka inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Na ukikuta mwenzako amenaswa, usimshike. Kimbilia meni swichi.