Mrembo wetu, karibu mbele

DADA: Mwangaluka, wasikilizaji wetu, mlioko Kirumba, Igoma, Buhongwa, ng'ambo kule Sengerema, na ninyi mnaotusikiliza kwenye daladala mmesimama. Leo sianzi na habari za mji. Naanza na jambo lililonikuta mwenyewe, na kaka hapa alikuwepo.

KAKA: Nilikuwepo. Nilikaa safu ya tatu.

DADA: Basi eleza ulichokiona wewe, kabla sijasema langu.

KAKA: Kilikuwa kikao cha wadau wa uvuvi, ukumbi wa hoteli hapa mjini Mwanza. Asubuhi walizungumza wanaume watatu. Mshereheshaji aliwaita kila mmoja kwa cheo: daktari fulani, mhandisi fulani, alikosoma, miaka aliyokaa kazini. Baada ya chakula cha mchana ikafika zamu yako. Akasema...

DADA: Sema kama alivyosema, usinionee haya.

KAKA: Akasema, "Sasa msisinzie, anakuja mrembo wetu, chombo cha Kanda ya Ziwa, hebu mtazameni anavyotembea, makofi tafadhali." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

DADA: Nilikuwa na kurasa kumi na nne mkononi. Miezi miwili nimekaa na madaftari ya akina mama wanaoanika dagaa Igombe: wananunua kwa bei gani, mvua ikinyesha juu ya dagaa mbichi wanapoteza kiasi gani, mwisho wa wiki wanabaki na nini. Kutoka kwenye kiti mpaka jukwaani ni hatua kama ishirini. Zile hatua ishirini, kaka, sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. "Mtazameni anavyotembea." Basi nikasahau natembeaje. Nikajikuta navuta blauzi. Kufika mbele, hesabu ya kwanza kabisa nikaisoma vibaya, na nyumbani nilikuwa naisema bila kutazama karatasi.

KAKA: Sikujua kwamba ni hiyo ndiyo iliyokuchanganya. Nilidhani ni woga wa ukumbi.

DADA: Nimezungumza mbele ya watu tangu sekondari. Halafu nikamaliza, maswali yakaruhusiwa. La kwanza likatoka kwa mzee mmoja wa heshima zake: je, mtaalamu wetu ameolewa?

KAKA: Ukumbi ukacheka.

DADA: Ukacheka. Na swali la pili halikuja. Wale akina mama wa Igombe walinipa madaftari yao, mwingine daftari limelowa maji ya ziwa, ili nikawasemee. Hakuna aliyeuliza lolote kuhusu hela yao.

KAKA: Dada, naomba niseme kwa ukweli, kwa sababu na mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, nasherehesha mikutano na harusi. Saa nane mchana watu wameshiba ugali na sato, ukumbi una joto, macho yanafumba. Wewe una kipaza sauti na sekunde kumi. Ukimsifia mwanamke, watu wanaamka. Sikuwahi kuona ubaya. Kwetu mtu kusifiwa hadharani ni kupewa heshima. Na tumelelewa kwenye utani. Shemeji yangu akitokea na kitenge kipya nikakaa kimya, atanuna wiki nzima.

DADA: Hapo kwenye shemeji ndipo ninapotaka tukae. Ukimwambia shemeji kapendeza, yeye anakujibu nini?

KAKA: Ataniambia shati nililovaa ni la mwaka juzi, nikamwombe mke wangu anunue jingine.

DADA: Na wewe huwezi kukasirika, kwa sababu haki hiyo anayo. Utani ni kurushiana. Mtani anakuja msibani kwako anasema maneno ambayo mwingine akiyasema watu watashikana mashati, lakini kesho msiba ukiwa kwake na wewe unasema yako. Sasa mimi pale mbele ningemrushia nini yule mshereheshaji? Nimwambie na wewe hebu geuka tukuone? Na binti wa kiwanda cha minofu, kibarua, msimamizi wa zamu anamwambia "leo hilo gauni limekukaa". Binti atarusha nini, wakati huyo huyo ndiye anayeandika majina ya watakaoingia getini kesho?

KAKA: Atatabasamu.

DADA: Atatabasamu. Na msimamizi atahesabu lile tabasamu kuwa amefurahi.

KAKA: Hilo nalikubali. Lakini kuna sehemu bado sijaelewa. Mtu akikutukana sura, sawa, umeumia. Mtu akikusifia, umepungukiwa nini?

DADA: Nikupe mfano wa mtu ambaye asili ya baba yake ni hapa hapa ziwani. Barack Obama, baba yake ni wa Kogelo, Siaya, ng'ambo yetu. Aprili 2013 akiwa rais wa Marekani alikuwa California kwenye hafla ya kuchangisha fedha za chama. Akamtaja Kamala Harris, ambaye wakati huo alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo lile. Alianza vizuri: ana akili, anajituma, ni imara. Halafu akaongeza kwamba pia ndiye mwanasheria mkuu mwenye sura nzuri kuliko wote nchini. Ni marafiki wa miaka mingi, watu wakacheka. Lakini kesho yake magazeti yakaandika nini?

KAKA: Sura.

DADA: Sura. Akili na kujituma vikafunikwa. Obama mwenyewe alimpigia simu kumwomba radhi. Na mwaka huo huo, kituo kinachoitwa Women's Media Center, huko huko Marekani, kilitoa utafiti wa wagombea wanawake. Wapiga kura walisomewa habari za mgombea, wengine habari zenye maelezo ya sura na mavazi yake, wengine bila. Aliyeelezwa sura alipoteza kura. Hata alipoelezwa kwa kusifiwa, alipoteza.

KAKA: Hata kwa kusifiwa?

DADA: Hata kwa kusifiwa. Unajua samaki sangara alivyowamaliza furu, wale samaki wadogo, humu ziwani. Walimwingiza miaka ya 1950, na kati ya furu waliokuwepo kwa aina mamia, wengi wakapotea, wengine wazee wetu tu ndio wanaowakumbuka kwa majina. Neno la sura liko hivyo. Ukilitia kwenye utambulisho wa mtu, yale mengine yanaliwa.

KAKA: Naomba nikuulize jambo zito kidogo. Hili si la wanaume peke yao. Agosti 2021, Ikulu Dar es Salaam, Rais Samia aliipokea timu ya vijana wa chini ya miaka 23 waliochukua kombe la CECAFA. Akawagusia na wasichana wanaocheza mpira. Aliwasifu kwamba wanaleta makombe. Halafu akaingia kwenye vifua vyao, kwamba ni bapa, unaweza kudhani ni wanaume, na habari za kuolewa. Huyo ni mama, mwanamke wa kwanza kuwa rais wa nchi yetu.

DADA: Liliniuma, na nitasema kwa nini. Ukisikiliza maneno yote, alikuwa anahofia maisha yao miguu ikishachoka: wataishije, nani atawatunza. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Mchezaji wa kike hapa kwetu akistaafu hana akiba, hana kazi. Tungekaa tukaijadili hiyo. Lakini baada ya pale nani alizungumzia akiba ya wachezaji? Watu walibishana vifua. Hoja yake mwenyewe iliyokuwa nzuri ililiwa.

KAKA: Kwa hiyo hata msemaji anapoteza.

DADA: Anapoteza. Na sisi wanawake tunalifanya kila siku, na mimi simo nje. Kuna mwenzangu ofisini alirudi likizo, nikampokea mlangoni mbele ya watu: "Mbona umekonda hivyo, kulikoni?" Nilidhani namjali. Na wewe unajua huku kwetu, watu wa mialoni, neno "umekonda" limebeba nini tangu miaka ile ya ukimwi. Siku ile hakula na sisi mchana. Baadaye nilijua alikuwa amepoteza mimba. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini tangu hapo nikimwona mtu amebadilika mwili ulimi naubana. Namuuliza safari ilikuwaje.

KAKA: Pole, dada. Kwa huku Usukumani liko ndani sana. Bibi zetu walipimwa. Binti mweupe, mahari yake ng'ombe wengi, mweusi, wanapungua. Nimekaa kwenye vikao vya mahari nimesikia kwa masikio yangu. Mtu aliyekua akisikia rangi ya dada zake ikihesabiwa kwa ng'ombe, akipewa ofisi aongoze, anaingia na jicho lile lile.

DADA: Na mabinti wanajua. Ndiyo maana mkorogo hauishi madukani. Halafu unakutana na tangazo limebandikwa kwenye nguzo: anahitajika mhudumu wa kike, awe mrembo. Anayetafutwa ni mtu wa kuhesabu chenji na kukumbuka oda.

KAKA: Lakini tukisema "mahali pa kazi" watu wanafikiria ofisi zenye feni na mafaili.

DADA: Na hapo ndipo tunawaacha wengi. Ofisi ya mwanamke wa Igombe ni mchanga. Anafika alfajiri mitumbwi ikirudi, na ndoo zake. Wiki za giza dagaa wapo, kila mtu anapata. Mbalamwezi ikikaribia, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inarudi na kidogo. Sasa nani anapimiwa kwanza? Hapo ndipo sifa zinaanza: "Wewe mrembo njoo huku, hawa wengine wasubiri." Wale wengine wameamka saa tisa usiku kama yeye, na wana watoto. Na huyo aliyeitwa mrembo anajua kwamba ndoo ile ina deni ndani yake.

KAKA: Upande wa Kenya deni hilo lina jina kabisa, jaboya. Samaki kwa mwili.

DADA: Na kule Nduru, Kisumu, akina mama walichoka wakapata mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wavuvi. Nani atamwambia tajiri wa mtumbwi "geuka nikuone"? Sisemi kila anayesema "umependeza" anatafuta hilo. Nasema mwanamke anayesikia hilo neno ameshaona linakoishia, kwake au kwa jirani yake. Wewe unasema neno moja, yeye anasikia safari nzima.

KAKA: Na sheria?

DADA: Ipo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, kilichoingizwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinagusa unyanyasaji wa kijinsia kwa maneno au vitendo, na mtu mwenye mamlaka kazini anahusika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi. Na akitaka mwili ndipo akupe haki yako, hiyo ni rushwa, wapo TAKUKURU. Lakini sitaenda mahakamani kwa sababu ya "mrembo wetu". Hili ni la kwetu, la ukumbini, la wewe na kipaza sauti chako.

KAKA: Kwa hiyo nisimwambie mfanyakazi mwenzangu kapendeza?

DADA: Mnayelingana, mnayejuana, mko kwenye chai, na yeye anakwambia vivyo hivyo? Mwambie. Mimi nikivaa vizuri napenda kuambiwa, sitadanganya hapa. Lakini si wakati nimesimama kusema hesabu. Na si kama wewe ndiye unayesaini mkataba wangu.

KAKA: Hapo kwenye mkataba bado nina neno. Nina mkuu wa kazi ambaye ni mtu mzima, anawaambia wote, wanaume kwa wanawake, "leo mmependeza". Sioni kosa lake.

DADA: Akiwaambia wote kwa pamoja, na mimi sioni. Akimbakiza mmoja mlangoni amwambie peke yake, naliona.

KAKA: Sawa. Mimi Alhamisi nina mkutano Ilemela. Kuna mhandisi wa kike atazungumzia majokofu na barafu za mwaloni, samaki wasiozee. Jana usiku niliandika utambulisho wake, leo asubuhi nimeufuta. Nimeandika mwingine.

DADA: Soma.

KAKA: "Ndugu zangu, kila mmoja wetu hapa amewahi kutupa samaki aliyeharibika. Anayekuja sasa ni mhandisi wa majokofu, ana miaka tisa kwenye kazi hii, na ametembelea mialo yetu kabla ya kuja hapa. Muulizeni maswali magumu."

DADA: Halafu?

KAKA: Hapo kwa mazoea yangu ndipo lile neno linapokuja.

DADA: Najua. Alhamisi je?

KAKA: Alhamisi namkabidhi kipaza sauti, naenda kukaa.