Kumkata kucha paka wa Siam bila kugombana naye

Haya, karibuni tena. Huyo mnayemsikia akilia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi hajaumia. Ni Kahawa, ananidai. Paka wa Siam hasemi nyau mara moja akaenda zake. Huyu anasimulia, anajibu, anagombana mpaka na mlango. Jirani wa juu aliwahi kunigongea usiku kuniuliza nimelaza mtoto wa nani.

Leo tunakata kucha. Lakini ngoja nimsogeze kwenye kamera kwanza, maana maswali ya rangi yamenichosha. Mnaona? Uso, masikio, miguu na mkia ni kahawia iliyoiva, mwili ni kama maziwa yaliyoguswa na chai. Macho ya bluu. Ukiuziwa mwenye macho ya kijani ukaambiwa ni Siam halisi, shika pesa yako.

Alizaliwa mweupe pee, na wote huzaliwa hivyo. Rangi yao inatengenezwa na kimeng'enya kinachofanya kazi penye ubaridi tu. Tumboni mwa mama kuna joto kila mahali, kwa hiyo hakuna rangi. Akishatoka, zile ncha zinazopoa ndizo zinazoiva. Wewe uliyeko Kabale, kwenye ile baridi yenu, wako huenda akawa na giza kuliko wangu wa Kampala. Usimsugue na sabuni.

Mimi nililijua hili kwa aibu. Alipofungwa kizazi alinyolewa tumbo, na nywele zikarudi kahawia, kiraka kizima. Nikampigia daktari: umemchoma paka wangu! Kumbe ngozi iliyonyolewa hupoa, na nywele zinazoota hapo zinakuja na giza. Baadaye zilipukutika, rangi ikarudi. Nilimpelekea daktari papai na samahani.

Basi. Ameshakula, amelegea. Taulo, kikata kucha, paka mapajani, mgongo wake tumboni kwako. Hapo hakuna elimu.

Shika mguu, bonyeza kidole taratibu, ukucha unachomoza wenyewe. Sasa tulia. TULIA. Geukia dirishani. Mnaona ndani ya ukucha kuna rangi ya waridi? Hiyo ni nyama, ina damu na inauma. Mbele yake kuna ncha nyeupe kama kipande cha plastiki. Unakata ncha tu, milimita moja, basi. Nyeupe. Waridi uiache.

Nasema tena kwa sababu mwaka juzi nilikuwa na haraka, boda ananisubiri nje, nikakata palepale penye waridi. Damu ikadondokea leso, na Kahawa akakaa siku tatu chini ya kabati. Ikikutokea, chovya ukucha kwenye konflawa kavu, ubonyeze na kitambaa mpaka damu ikate. Lakini isikutokee. Kata kidogo. Bora urudie wiki ijayo.

Moja... mbili... mwacheni aseme. Tatu. Na huyu wa ndani, mnamwona? Kidole gumba, kimejificha juu hapa. Hakigusi chini, hivyo hakiliki, na watu wengi humsahau. Ukucha wake ukiachwa hupinda mpaka ukaingia kwenye nyama ya mguu. Kwa hiyo miguu ya mbele tunahesabu kumi, si nane.

Aa, umeme umekwenda. Tunasimama. Gizani hakatwi mtu kucha, hata kama una tochi ya simu mdomoni. Nimejaribu, msiniulize.

Tukiwa tunasubiri: huyu si paka wa kuachwa peke yake kutwa nzima. Akikosa mtu anazidi kelele, anachana mapazia, mwingine hujilamba mpaka nywele zinaisha. Kama unatoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku, chukua wawili. Chakula: mukene, wale dagaa wetu, wa kuchemsha bila chumvi anaupenda, lakini usiwe peke yake, mpe na nyama. Posho, yaani ugali, na maziwa havimjengi paka. Panadol usimpe hata kipande, inaua. Na dawa ya kupe ya mbwa usimpake, nyingi zina permethrini, nayo humuua paka. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, hata kama hatoki nje.

Mwaka 1878 balozi mdogo wa Marekani kule Bangkok alimtumia paka wa Siam mke wa Rais Hayes. Kahawa nadhani anaijua habari hiyo, ndiyo maana halali kwenye sakafu.

Umeme umerudi. Kabla sijaendelea: hii nguzo iliyozungushwa kamba ya mkonge natengeneza mwenyewe na fundi wangu, namba iko chini ya video. Iweke pale anapoamkia, si uchochoroni, kwa sababu akiamka tu hujinyoosha na kukwaruza. Ukiificha, kochi ndilo litakalolipa.

Ya mbele tumeimaliza, sasa mguu wa nyuma. Wa nyuma wana vidole vinne tu, na... Kahawa. Kahawa! Shika simu, shika... imeanguka. Mnaniona? Mnaona dari? Sawa. Amepanda juu ya friji na ananitukana. Zimebaki kucha nane, nitazikata akilala.