Dau la Mwanajeshi Lina Mdomo

Ndugu zangu, asanteni kwa kubaki baada ya chakula. Nimeombwa nizungumzie pendekezo la sheria ya kuwakataza wanajeshi wa Marekani kubeti mambo ya vita, lakini nitaanza na simu.

Nina mpwa wangu kwenye jeshi la Marekani. Mara ya mwisho alipokuwa anapelekwa kazini alinipigia, tukaulizana hali, tukacheka kidogo, kisha akasema: "Mjomba, simu yangu itakuwa kimya siku chache. Mwambie mama asihangaike." Basi. Sikumuuliza anakwenda wapi, naye hakusema. Wenye watoto jeshini humu ndani mnaijua simu hiyo. Ukimya ule unauma, lakini tunaumeza kwa sababu ndio ngao yake.

Sasa tuje kwenye masoko ya utabiri. Mkeka mnaujua: unabashiri mechi, kampuni imepanga odds, unalipwa au mkeka unachanika. Kwenye mitandao ya masoko haya, kama Polymarket au Kalshi, odds hazipangwi na kampuni. Panawekwa swali, tuseme kama rais fulani ataondoka madarakani kabla ya mwezi kuisha, na watu wanauziana Ndiyo na Hapana. Jibu likitimia, kila hisa yake inalipa dola 1. Lisipotimia, umekula hasara. Kwa hiyo Ndiyo ikiuzwa senti 8, soko linakadiria uwezekano wa asilimia 8 hivi. Akija mtu akanunua kwa wingi, bei inapanda, na inapanda hadharani, mbele ya yeyote mwenye simu.

Shikeni hapo.

Desemba 2025 ilifunguliwa akaunti moja Polymarket. Ikaweka zaidi ya dola 30,000 kwamba Rais Nicolás Maduro wa Venezuela angeondoka madarakani kabla Januari haijaisha. Wakati huo Ndiyo ilikuwa chini ya senti 10. Madau ya mwisho yaliingia saa chache kabla ya mashambulizi. Usiku wa kuamkia Januari 3, 2026, ndege za Marekani zaidi ya 150 ziliruka, Maduro akakamatwa Caracas. Akaunti ile ikavuna zaidi ya dola 400,000.

Wengi wamezipigia kelele dola hizo. Mimi hazikuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni saa ambayo dau lile liliwekwa, ndege zikiwa bado hazijaruka. Maana dau la mtu anayejua ni taarifa. Aliyekaa Caracas usiku ule hakuhitaji jasusi Washington. Angetazama bei tu, akajiuliza kwa nini mtu ananunua Ndiyo saa hizi. Mtoto wetu anamficha mama yake mzazi, halafu huenda mwenzake aliyekaa naye kikao kimoja anaitangazia dunia kwa bei! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Wala si Marekani peke yake. Februari 2026, waendesha mashtaka wa Israel walimshtaki askari wa akiba pamoja na raia mmoja, wakidai walitumia siri za kijeshi kubeti Polymarket kuhusu operesheni za jeshi.

Kuna wanaosema sheria zipo, tusirundike nyingine. Ni kweli zipo. Tangu 2010 sheria ya Marekani inamkataza mtumishi wa serikali kutumia siri za kazini kujinufaisha kwenye masoko ya bidhaa. Na Januari 2026 mbunge Ritchie Torres wa New York aliwasilisha muswada wa kuwazuia viongozi na watumishi wa serikali kuu kubeti mambo ya serikali wanapokuwa na habari za ndani. Namuunga mkono. Lakini tazameni uzito wa kuthibitisha. Mwendesha mashtaka lazima aonyeshe kwamba askari huyu aliijua siri, tena siku ile, kabla ya dau lile. Ataonyeshaje bila kuianika siri yenyewe mahakamani? Ndiyo maana nalitetea pendekezo la kuwafungia wanajeshi mlango moja kwa moja. Hapo swali linabaki moja: ulibeti vita, hukubeti?

Mchezaji wa mpira haruhusiwi kubeti mpira, hata mechi ya ligi asiyochezea, na hatusemi ameonewa. Yeye anashika mpira tu. Huyu anashika roho za watu.

Na kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko siri. Mchukulieni ofisa mwenye dola 5,000 zake kwenye Ndiyo ya "shambulio kabla ya Ijumaa". Inafika Alhamisi, hali ya hewa mbaya, anaulizwa ushauri: twende au tusubiri? Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, akajibu kwa moyo safi. Lakini mimi mwenye mtoto kwenye ndege ile, nitajuaje?

Mwaka 2003 taasisi ya utafiti ya Pentagon (wizara ya ulinzi ya Marekani), DARPA, ilitaka kuanzisha soko lake lenyewe la kutabiri misukosuko ya Mashariki ya Kati. Maseneta Ron Wyden na Byron Dorgan walipolitangaza, likafutwa kesho yake. Aibu ilitosha wakati ule. Leo biashara hiyo imo mifukoni mwetu, nayo aibu imeisha.

Hofu yangu ni sheria itakayomkamata koplo na kumruka jenerali, au itakayomfunga askari na kumwacha mkewe, shemeji yake na mkandarasi anayetengeneza rada. Pochi ya sarafu za kidijitali inayotumika kubeti haina sura. Leo jina langu, kesho la binamu. Mliopata uraia wa Marekani, kila mmoja wenu ana mwakilishi Bungeni. Mpigieni wiki hii. Mwambieni familia na wakandarasi waingizwe, na adhabu ianze kwa wenye nyota mabegani.