Unanyanyua nyuma ya pikapu, mgongoni unabeba nini?

REHEMA: Haya karibuni tena, mimi Rehema niko na kaka Sele kama kawaida. Leo tuna swali la msikilizaji, yuko Karatu, ana Hilux Vigo dabo kebini, anapakia vitunguu kule Mang'ola anapandisha Karatu. Anasema akishapakia tu gari inakaa chini nyuma taa zinamulika miti, kwenye makorongo inagonga gu gu gu. Anataka kunyanyua nyuma inchi tatu, na fundi wake kamwambia ni kazi ndogo tu, anamwekea bloki za chuma jioni hiyo hiyo anaondoka. Aweke asiweke?

SELE: Asiweke.

REHEMA: Duh, hata salamu hujatoa.

SELE: Salamu jamani, hamjambo. Ila asiweke. Yani bloki ni kipande cha chuma kinakaa kati ya ekseli na springi, zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, unafunga na yubolti, bolti zenye umbo la U, ndefu zaidi basi, gari imepanda. Bloki ya inchi tatu umepata inchi tatu, na springi haijaguswa. Sasa huyu ndugu yetu tatizo lake si urefu, tatizo lake ni mzigo, springi ndo inabeba mzigo na springi yake ni ile ile. Ukipakia itazama kiasi kile kile. Na ubaya zaidi, ile mpira ya kugongea kwenye chesisi sasa iko mbali, kwa hiyo springi inakunjwa kupita pale ilipokuwa inasimamishwa. Kelele ya kugonga itapungua kweli atafurahi, kumbe springi ndo inaumia.

REHEMA: Lakini pikapu kibao zinatoka kiwandani na bloki nyuma, hizi kubwa za Kimarekani nimeziona kwa macho yangu.

SELE: Zipo, ndiyo, na springi zake zimepigiwa hesabu pamoja na hiyo bloki. Bloki ndogo ya inchi moja kwenye gari inayotembea tupu mimi sigombani na mtu. Nagombana na bloki ndefu kwenye gari ya mzigo, na nagombana SANA na mtu anayepanga bloki mbili juu ya nyingine, hiyo mwachie kabisa. Kwa sababu ukikanyaga mafuta ekseli inataka kujizungusha, bloki inakuwa mkono mrefu wa kuisaidia, springi inajipinda kama herufi S, afu inarudi, inajipinda inarudi, ndo unaona kwenye mlima wa kokoto tairi za nyuma zinarukaruka badala ya kushika.

REHEMA: Sawa tumeua bloki. Sasa afanye nini?

SELE: Kwanza apime. Achukue futi kamba, aende sehemu tambarare gari ikiwa tupu, apime toka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Asipime toka chini, ukipima toka chini unapima na upepo wa tairi humo humo. Aandike. Afu apakie mzigo wake wa kawaida, sio wa kujisifia, apime tena pale pale. Na kama anaweza kupita mizani ya maghala ya mazao ajue gari na mzigo ni kilo ngapi, hapo ataongea na muuza springi kama mtu mzima.

REHEMA: Vitunguu Mang'ola si wanafunga lumbesa kaka? Gunia moja kilo mia na kitu.

SELE: Ndo hapo sasa! Hilux ni gari ya tani moja, humo humo kuna dereva na abiria na spea na dumu la maji. Magunia kumi ya lumbesa umeshapita. Na hii watu hawapendi kuisikia lakini hakuna springi duniani ambayo peke yake inaongeza uwezo wa gari kisheria wala kiukweli, chesisi ni ile ile, beringi za nyuma ni zile zile, breki ni zile zile. Springi nzito inafanya gari *isionekane* imezidiwa.

REHEMA: Mh. Haya tuseme anabeba kilo mia sita mia saba, muungwana.

SELE: Aangalie hali ya springi alizonazo kwanza. Vigo ni za 2004 mpaka 2015, kwa hiyo hata ile ya mwisho ina miaka ya kutosha, na kama ni springi za kiwandani hizo zimeshachoka. Ukikuta gari tupu lakini springi imenyooka kama rula, au upande wa dereva umelala kuliko mwingine, hizo zimekufa. Watu wengi wanaotafuta kunyanyua gari wanatafuta tu urefu uliopotea, akifunga springi mpya za kawaida anashangaa gari imepanda na hajaweka chochote cha ajabu.

REHEMA: Na wale mafundi wa kupiga springi? Anaichomoa anaichoma moto anaigonga inarudi kujikunja.

SELE: Ikishachomwa moto ile chuma imepoteza ugumu wake, inapendeza siku ya kwanza tu. Wiki kadhaa za rafu rodi imelala tena. Na asikubali mtu achomelee springi, hapo pa kuchomelea ndo patakapokatikia.

REHEMA: Kuongeza springi moja je? Ndo wanavofanya wenye Fuso.

SELE: Kuongeza springi ni njia ya haki kabisa kama zilizopo bado nzima, unapata inchi moja mpaka mbili hivi na gari inabeba kweli. Shida yake gari ikiwa tupu. Ukiweka ile fupi nene inakaa chini ya zingine, gari inakuwa ngumu, matuta yote unayahesabu kwa kiuno. Ile ndefu inayofuata urefu wa zingine ni laini zaidi. Huyu anaenda Mang'ola tupu anarudi kajaza, kwa hiyo nusu ya maisha yake gari ni tupu, asisahau hilo.

REHEMA: Na shakeli ndefu? Kuna jamaa kila siku ananiambia shakeli, shakeli.

SELE: Ule mkono unaoning'iniza springi kule nyuma. Hesabu yake ni nusu, ukirefusha mkono inchi mbili gari inapanda inchi moja tu, kwa sababu ni upande mmoja wa springi. Na inainamisha springi, pua ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, inabadilisha uelekeo, mara unasikia mtetemo. Haiongezi nguvu ya kubeba hata kidogo. Kwangu mimi ni pambo.

REHEMA: Kwa hiyo jibu lako ni seti mpya nzima.

SELE: Kwa huyu ndiyo. Hizi kampuni za Australia, Old Man Emu, Dobinsons, Ironman, wanauza kwa kiwango cha mzigo, kuna za gari tupu au mzigo kidogo, kuna za mzigo unaokaa muda wote kilo mia tatu, mia tano na kuendelea. Hapo watu wanateleza, anaona nzito anadhani ndo bora. Ile ya kilo mia tano ni kwa mtu mwenye mia tano mgongoni *muda wote*, kama zile za mafundi wana makabati ya zana nyuma. Huyu wa kwenda tupu achukue ya katikati na akubali ikijaa itashuka kidogo, kushuka kidogo ni kazi yake! Gari imetengenezwa nyuma iko juu kidogo ikiwa tupu makusudi ili ikijaa ikae sawa.

REHEMA: Mipira ya upepo, zile za kujaza kama tairi?

SELE: Kwa mzigo wa wastani sawa. Ila kwenye springi bapa mzigo unaingia kwenye chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya springi, mpira wa upepo unasukuma sehemu moja katikati. Ukijaza upepo mwingi na mzigo umekaa nyuma kabisa, kwenye rafu rodi, chesisi za dabo kebini zimekunjika hivo hivo, Australia wanazijua sana.

REHEMA: Na inchi tatu anazotaka?

SELE: Mbili zinamtosha. Mbele Hilux ina miguu ya kujitegemea, ukipita inchi mbili hivi zile sivijoiti, viungo vya shafti za tairi za mbele, zinakaa pembe mbaya zinakufa, na nyuma ikiwa juu peke yake gari inakuwa kama inachungulia chini. Na ajue kitu kimoja, kunyanyua springi hakuinui difu ya nyuma hata milimita. Difu iko kwenye ekseli, ekseli iko kwenye tairi. Kama anachokwaruza korongoni ni difu, dawa yake ni tairi ndefu.

REHEMA: Eeh hilo hata mimi nilikuwa nalichanganya, nadhani na wengi tu. Siku ya kufunga asimamie nini?

SELE: Yubolti mpya, za zamani zimeshavutika asizirudishe. Shokapu za urefu wa kufanana na springi, fupi zikinyooka mpaka mwisho zinakatika. Hosi ya breki iangaliwe ekseli ikiwa imening'inia. Bolti za bushi, ile mipira ya kwenye ncha za springi, zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa chini kwa miguu yake, ukikaza ikiwa juu ya jeki mpira unakaa umejipinda muda wote unachanika mapema. Akitembea kama kilomita mia tano arudi zikazwe tena. Akisikia mtetemo wakati wa kuondoka ni propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ile ya vipande viwili, senta beringi yake ya katikati inashushwa kidogo kwa vipande vya chuma.

REHEMA: Na ile ya breki uliyoniambia nje kabla hatujaanza.

SELE: Aaa, hiyo ndo kubwa kuliko zote na mafundi wengi wanaipita. Hilux nyingi zisizo na ABS, achungulie nyuma juu ya ekseli, ataona fimbo nyembamba ya chuma inatoka kwenye ekseli inapanda mpaka kwenye valvu kwenye chesisi. Hiyo inasoma mzigo. Gari ikilala, valvu inajua kuna mzigo inapeleka breki nyingi nyuma, gari ikipanda inajua tupu inapunguza. Sasa umenyanyua inchi mbili hukuigusa, umepakia vitunguu, valvu inadhani gari tupu! Breki za mbele zinafanya kazi yote, kwenye mteremko.

REHEMA: Yesu wangu. Dawa?

SELE: Kibano cha kuinulia ile fimbo kwa kiasi gari ilichopanda, au ile valvu ya juu isogezwe. Kipande kidogo tu cha chuma, bei haifiki hata ya yubolti. Amwambie fundi kabla hajafungua nati ya kwanza, fundi akiuliza fimbo gani, atafute fundi mwingine.

REHEMA: Haya ndugu yetu wa Karatu umesikia, tutumie vile vipimo vya futi kamba, tupu na imejaa, kaka Sele akuchagulie springi hapa hapa wiki ijayo. Na taa uzipange upya ukishamaliza, tunaokutana na wewe usiku tunaomba.