Kalori za Mashine ya Kukimbilia: Ziamini Hadi Wapi?

Assalamu alaikum jamani. Leo tupo dukani Mwanakwerekwe, na hii mashine ya kukimbilia ni mtumba, imeingia juzi, inauzwa. Bei mniandikie pembeni. Kwanza tuzipime hizi kalori zake.

Washa. Bana ufunguo wa usalama kwenye nguo. Haya.

Inauliza uzito. Hapa msiende mbio! Tizama pembeni ya namba: KG au LB? Hii ilitengenezewa Wamarekani, inahesabu paundi. Mimi kilo 80. Nikiandika 80, yenyewe inanichukulia nina kilo 36, mtoto wa skuli. Kwa hiyo naandika 176. Paundi, yakhe, paundi! Na ukiliruka swali ukabonyeza cha kijani tu, inakuwekea uzito wa kiwandani, wa mtu usiyemjua.

Mwendo kilomita 5 kwa saa, mwinuko sifuri, twen... Aa! Ufunguo umechomoka, kila kitu kimefutika. Wacha, usikate video, waone. Ndo ujue kikoi hakibaniwi ufunguo. Tunaanza tena, uzito tena. Nimesema nini? Paundi.

Sasa mikono. Wengi wanang'ang'ania hivi vyuma kama abiria wa boti ya Pemba siku ya kusi. Mikono ikibeba uzito, miguu inapata nafuu, na mashine haina habari: inajua mwendo, mwinuko na uzito uliouandika, basi. Achia. Huwezi? Punguza mwendo.

Nusu saa hiyo, nimeiruka msichoke. Inasoma 142. Usikimbilie kula Forodhani bado! Humo mna kalori ambazo ungezitumia hata ukikaa barazani unacheza bao, takriban 1 kwa kila kilo kwa saa. Kilo 80, nusu saa: toa 40. Faida ya kutembea ni kama 100, tena kwa mtu wa wastani. Mwenzako wa kilo hizo hizo anaweza kupishana nawe.

Mimi binafsi napenda baiskeli, ile inayopima kikweli wati, yaani nguvu unayoitia. Hiyo inapima kazi unayoikanyaga: kilojuli 1 ya kazi kwenye pedali ni karibu kalori 1 mwilini, maana misuli inageuza robo tu au pungufu kuwa kazi, nyingine yote ni joto. Ila ile ya hapa dukani imeshauzwa, msiniulize. Iliyobaki ni hii, na ufunguo wake nitautia kibanio kipya.