Mpelelezi Akienda Ugenini, Mnyang'anyeni Lugha

Wakubwa shikamooni, na nyinyi ndugu zangu waandishi, habari za mchana. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu miswada inayonifikia haijabadilika. Mpelelezi wetu anapanda ndege Dar es Salaam, anashuka Bangkok au Istanbul, na sura haijaisha ameshapata dereva mwaminifu, mrembo wa kumtafsiria na polisi wa kumfungulia mafaili. Mji mzima unamtumikia! Sasa ugenini amefuata nini? Kisa hicho kingetokea Kinondoni na kisingepungukiwa kitu.

Nataka nikae na Kurt Wallander, yule inspekta wa Ystad, kusini mwa Uswidi, aliyebuniwa na Henning Mankell. Katika kitabu cha pili cha mfululizo wake, kilichotoka 1992, boti ya mpira inasukumwa na mawimbi hadi ufukweni ikiwa na maiti za wanaume wawili. Njia zote zinaelekea Latvia, ng'ambo ya bahari, wakati huo bado chini ya Wasovieti. Anakuja meja wa polisi kutoka Riga, mji mkuu wa huko, Karlis Liepa, mtu wa sigara baada ya sigara, macho yake hayaoni mbali. Wanashibana. Meja anarudi kwao na hachukui muda, anauawa. Wallander anaitwa Riga akasaidie.

Hapo ndipo ninapotaka mpaangalie. Ni mwanzoni mwa 1991. Januari wananchi wa Riga walikuwa wameziba barabara kulinda bunge na vituo vya utangazaji dhidi ya majeshi ya Kisovieti, na uhuru haukukamilika mpaka Agosti. Mji unachemka, kila mtu ana upande wake, na huyu mgeni hajui upande wa yeyote. Wanampokea makanali wawili, Putnis na Murniers, wote wakarimu. Kule Ystad, sauti ya mtu ikipanda kidogo tu, Wallander anajua kuna jambo. Riga kila neno linamfikia likiwa limeshapita mdomoni mwa mtu mwingine, au kwa Kiingereza ambacho si chake wala si cha anayemjibu. Uzoefu wake wote umekuwa kama pesa ya nchi nyingine: anayo mfukoni, ila hainunui kitu. Kwa hiyo anafanya jambo ambalo kwao asingelifanya, anamwamini mjane wa meja, Baiba, kwa moyo tu, bila ushahidi. Kati ya wale makanali anamshuku Murniers, kumbe mbaya wake ni Putnis. Kosa hilo linakaribia kumuua, na ni kosa la mgeni. Mwenyeji asingelifanya.

Mtaniambia msomaji wetu anataka mbio, hataki mtu anayepotea potea. Nakataa. Mtu asiyejua mlango upi unatokea nje hahitaji kufukuzwa na helikopta! Mtaniambia tena kwamba Mankell alimpeleka mtu wake ng'ambo ya bahari tu, kwa jirani. Sawa, lakini Mankell mwenyewe tangu 1986 aliongoza Teatro Avenida pale Maputo, na kwa miaka mingi maisha yake yaligawanyika kati ya Uswidi na Msumbiji. Ugeni aliuishi.

Tuje kwetu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na msaidizi wake Najum, anafumbua mafumbo ya Unguja kwa sababu watu wale anawajua. Willy Gamba wa Elvis Musiba alipelekwa Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi, 1979. Gamba nampenda, lakini kwa maoni yangu pale Kinshasa anajiamini mno, na mji haumwadhibu. Sasa mwandishi wa leo ampeleke mpelelezi wake kulekule, lakini baada ya Mei 1997. Anafika Matonge, mtaa wa starehe wa Kinshasa, usiku, muziki kila baa, anasalimia kwa Kiswahili chake kizuri cha Dar akidhani yuko kwa ndugu. Meza inanyamaza. Mji ule ni wa Kilingala, na wengi wa askari walioingia na Laurent Kabila mwezi ule kumng'oa Mobutu walizungumza Kiswahili. Watu wamekisikia kikitoka kwa wenye bunduki. Amekwenda kuuliza habari za mtu aliyepotea, na salamu yake imeshamfungia milango kabla hajataja jina. Hiyo ni sura nzima ya riwaya, jamani, na hakuna risasi iliyopigwa! Nani kaiandika? Mimi sijaletewa.

Nilitaka niwaguse pia wenyeji wanaowekwa riwayani kama mapambo, muda unanibana. Na Poirot, mpelelezi wa Agatha Christie, mkimbizi wa Kibelgiji katikati ya Waingereza, ambaye ugeni wake ndio silaha: wanamwona kituko, wanaropoka mbele yake. Huyo tumwache kwenye maswali. Karibuni.